Betri Inayogoma: Habari za Umeme wa Pikipiki tangu Volta hata Birere

Apitaye katika mitaa ya Birere, mjini Goma, alfajiri na mapema, husikia sauti za pikipiki kabla ya sauti za soko. Ni wenye pikipiki za taksi, ambao huku kwetu huitwa motari, wakiondoka kwenda kutafuta abiria. Wengi huwasha chombo wakaenda zao. Lakini hakosi mmoja wa kubonyeza kitufe na kusikia “tk” tu, kisha kimya. Abonyeza tena: kimya. Mara ya tatu injini yawaka kana kwamba haikuwa na shida yoyote. Kesho yake, saa sita mchana, abiria akiwa amekwisha kupanda, yagoma tena.

Ugonjwa unaokuja na kuondoka ni mgumu kuliko kifo. Kitu kilichokufa kabisa hujulikana upesi. Kinachokufa na kufufuka humdanganya hata fundi. Basi wengi husema neno moja tu: “Betri imekufa,” wakaenda dukani kununua nyingine. Pengine wamesema kweli. Lakini mara nyingi fedha ile yapotea bure, maana kosa lilikuwa mahali pengine. Na fedha hiyo si kidogo. Motari wengi hawana pikipiki yao wenyewe. Kila jioni wampelekea mwenye chombo hesabu yake, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto na karo ya shule. Asubuhi moja ya kusukuma pikipiki kando ya njia ni siku nzima ya njaa nyumbani.

Kwa sababu hiyo twataka kusimulia habari za betri tangu mwanzo. Mtu akijua kitu kilitoka wapi na kilitengenezwaje, ajua pia mahali kinapougua.

Vyura wa Bologna

Habari yetu yaanzia katika mji wa Bologna, Italia. Huko aliishi mganga mmoja, mwalimu wa elimu ya mwili, jina lake Luigi Galvani. Katika miaka ya 1780 alikuwa akichunguza miguu ya vyura waliokufa. Akaona jambo la ajabu: akiitundika miguu ile kwa kulabu za shaba nyeupe juu ya vyuma vya ua, ilirukaruka kana kwamba chura yu hai. Galvani akafikiri sana, akasema kwamba umeme unakaa ndani ya mwili wa mnyama, nazo kulabu zaufungulia njia tu. Mwaka wa 1791 akatangaza maneno hayo, na wenye elimu wa Ulaya wakastaajabu.

Mmoja wa waliosoma habari hizo alikuwa Alessandro Volta, aliyezaliwa Como mwaka wa 1745, mwalimu katika chuo kikuu cha Pavia. Mwanzoni alikubali. Halafu akaanza kushuku. Aliona kwamba miguu ya chura huruka vizuri zaidi ikiguswa na madini mawili ya namna mbili kuliko ikiguswa na madini ya namna moja. Akajiuliza: Je, umeme unatoka katika chura, au unatoka katika yale madini mawili? Akamwacha chura, akaweka vipande vya madini mawili juu ya ulimi wake mwenyewe, akavigusanisha. Akasikia ladha kali. Chura hayupo, lakini umeme upo.

Tuitazame vema njia aliyoishika Volta, kwa kuwa tutaihitaji tena tutakapofika Birere. Hakupiga kelele wala hakubahatisha. Aliondoa kitu kimoja, akaacha vingine vyote kama vilivyokuwa, akatazama kama jambo lile labaki au laondoka. Ndivyo alivyojua nani ana hatia na nani amesingiziwa. Hata hivyo Galvani naye hakukosa yote, maana leo twajua kwamba katika mishipa ya viumbe hai umo umeme kweli. Lakini uliorusha miguu ile juu ya vyuma vya ua ulitoka katika madini.

Mwaka wa 1800 Volta alipeleka barua London, kwa chama cha wenye elimu kiitwacho Royal Society, akaeleza chombo kipya alichokitengeneza. Alichukua sahani ndogo za fedha na za zinki, akazipanga moja juu ya moja, na katikati akatia vipande vya karatasi nene vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Zikawa kama rundo la sarafu. Akigusa juu na chini kwa wakati mmoja, alishikwa na umeme. Kabla ya siku hiyo watu walijua umeme wa kung’aa na kuzimika mara moja, kama radi. Sasa walipata umeme unaotiririka kama maji ya kijito. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Kipimo cha nguvu ya umeme, yaani volti, chaitwa hivyo kwa heshima ya Volta. Kila fundi wa Birere asemaye “volti kumi na mbili” amtaja mtu huyo, ajapokuwa hajui.

Risasi na tindikali

Walakini betri ya Volta ilikuwa na upungufu mkubwa. Ilipokwisha, ilikwisha, haikuweza kujazwa tena. Aliyeondoa upungufu huo ni Mfaransa Gaston Planté. Mwaka wa 1859 alichukua bamba mbili za risasi, akatia kitambaa katikati zisigusane, akazikunja pamoja kama mkeka, akazitumbukiza katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Akapitisha umeme ndani yake kutoka betri za namna ya zamani. Kumbe risasi ile ilipokea umeme, ikautunza, halafu ikautoa ulipotakiwa. Na ulipokwisha, Planté aliweza kuujaza tena, na tena.

Mwaka wa 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, alipaka bamba za risasi uji mzito wa unga wa risasi, na betri ikaweza kutunza umeme mwingi zaidi. Baadaye mafundi waliubandika uji huo katika vitundu vya wavu wa risasi. Betri nyingi za pikipiki hata leo ni za jamaa hiyo: nyavu za risasi, uji wa risasi, tindikali. Zimepita zaidi ya karne moja na nusu tangu Planté, na jambo lenyewe halikugeuka.

Yafaa tueleze kwa ufupi linalotendeka ndani. Betri ya pikipiki ina vyumba sita, na kila chumba chatoa volti 2 na kidogo. Vyote sita pamoja vyatoa volti 12 na nusu hivi. Umeme unapotoka, salfa iliyo katika tindikali huhamia juu ya bamba za risasi ikawa kama utando mweupe, nayo tindikali yageuka kuwa karibu na maji. Umeme unapoingizwa tena, utando ule wavunjika, na salfa yarudi katika maji yake. Hayo ndiyo maisha ya betri: salfa kwenda na kurudi.

Lakini betri ikiachwa tupu siku nyingi, utando ule wakauka na kuwa mgumu kama ukoko chini ya sufuria. Hapo kujaza kwa kawaida hakuuvunji. Betri yaonekana nzima, hata mita yaweza kuonyesha volti 12, lakini tumbo lake limekuwa dogo. Kitufe kikibonyezwa mara moja, nguvu zote zimekwisha. Kwa hiyo kuiacha betri tupu ni kuiua polepole.

Kitufe badala ya mguu

Pikipiki na magari ya kwanza hayakuwa na kitufe. Motokari ziliwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma, na mpini huo uliwavunja watu wengi mikono uliporudi nyuma kwa ghafula. Mwaka wa 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza motokari zenye mota ndogo ya umeme ya kuamshia injini, iliyobuniwa na Charles Kettering. Yeye alitambua jambo moja kubwa: mota hiyo haifanyi kazi mchana kutwa, bali sekunde chache tu. Kwa hiyo inaweza kuwa ndogo, na katika sekunde hizo chache ikanywa umeme mwingi mno. Sisi huiita stata; mafundi wa Goma, kwa kufuata Kifaransa, huiita demareri.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1914, kiwanda cha pikipiki cha Indian, mjini Springfield, kilitaka kuwapa wenye pikipiki raha hiyo hiyo. Kikatengeneza pikipiki yenye taa za umeme na stata, ikaitwa Hendee Special. Watu waliisifu. Lakini haikuchukua muda, ikashindwa, na kiwanda kikaiacha. Je, stata ilikuwa mbaya? Hapana. Betri za wakati ule hazikuweza kuvumilia mitikisiko ya pikipiki, wala hazikujazwa kama ilivyotakiwa. Pikipiki zikarudia kiki ya mguu kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vya Japani, Honda kikiwa mbele, vilianza kuuza kwa wingi pikipiki ndogo zenye stata ya kutegemewa.

Msomaji na alitie moyoni jambo hilo la mwaka wa 1914. Maadui wawili walioishinda pikipiki ile, yaani mtikisiko na njaa ya umeme, ndio maadui wanaoisumbua betri katika mitaa ya Birere hata leo.

Pikipiki juu ya lava

Birere ni mahali pa biashara, karibu na mpaka wa Gisenyi: maduka yamebanana, nyumba za mbao zimeegemeana, na watu wapita kutoka asubuhi hata usiku. Zamani mizigo ilibebwa kichwani au kwa chukudu, lile gari la mti lenye magurudumu mawili ambalo ni fahari ya Goma. Chukudu bado zipo, na hazitaki betri. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 2000 pikipiki zimeongezeka sana, hasa zile ndogo zitengenezwazo na makampuni ya India, kama TVS na Bajaj, na nyingine za kutoka China.

Nchi yenyewe si rahisi kwa chombo cha magurudumu mawili. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, ulipasuka ubavuni. Lava ikashuka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikaingia Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea pamoja na nyumba na maduka elfu nyingi. Watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Waliporudi, walijenga juu ya lava iliyopoa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, na mara hiyo lava ilisimama pembeni ya mji kabla ya kufika katikati.

Basi njia nyingi za mitaani ni mawe ya lava, meusi, yenye makali. Pikipiki ipitayo huko hutetemeka mwili mzima tangu asubuhi hata jioni. Nati zalegea, nyaya zasuguana na chuma, bamba za risasi ndani ya betri zatikisika. Tena safari za motari ni fupi: kutoka sokoni hata mpakani, hapo azima, kutoka mpakani hata barabara kubwa, azima tena. Kila kuwasha ni kukopa umeme mwingi kwa mara moja, na safari fupi haitoshi kulipa deni. Aongezapo taa za mapambo, honi kubwa, na waya wa kuchajia simu, deni lapanda zaidi. Mwaka wa 2025, baada ya M23 kuutwaa mji mwezi wa Januari, mabenki yalifungwa kwa muda mrefu na fedha taslimu zikawa adimu; hapo kila mtu aliona kwamba kununua betri isiyohitajiwa si kosa dogo.

Betri yasingiziwa

Tumewahi kumwona kijana mmoja huko Birere aliyekuwa amekwisha kununua betri mpya mara mbili katika miezi michache. Pikipiki ilikuwa ile ile: leo yawaka, kesho hapana. Fundi mmoja mzee alimsikiliza mpaka mwisho, asiguse betri. Akamwambia, “Kijana wangu, kwanza tuione masi.” Masi ndilo jina la mafundi kwa waya utokao upande wa kutoa wa betri kwenda kushikwa na mwili wa injini. Kijana akajibu, “Papa, masi si ndiyo hiyo, imefungwa?” Ilikuwa imefungwa kweli. Lakini chini ya bolti palikuwa na kutu na vumbi jeusi la lava. Mzee akafungua, akasugua chuma kwa msasa hata kikang’aa, akafunga kwa nguvu. Pikipiki ikawaka mara kumi mfululizo.

Kwa nini ilikuwa ikiwaka siku nyingine? Kwa sababu bolti iliyolegea hugusa leo na kesho isiguse, kwa kadiri ya mtikisiko, joto, na unyevu. Taa huhitaji umeme kidogo, nazo hupita hata kwenye mguso mbaya. Kwa hiyo taa zawaka vizuri, nasi twadhani njia ni nzima. Lakini stata hutaka umeme mwingi kwa mara moja. Ni kama watu kupita katika mlango mwembamba: mmoja mmoja wapita bila shida, wote wakija pamoja, wakwama. Ndiyo maana taa kuwaka si ushahidi wa kutosha.

Namna ya kutafuta kosa

Sasa turudie njia ya Volta: jambo moja kwa wakati mmoja. Kinachohitajiwa ni mita ya umeme tu, na mafundi wengi wanayo.

Kwanza, tujiulize: Je, injini haizunguki, au yazunguka isiwake? Ikizunguka kwa nguvu isiwake, tutazame petroli na buji, kosa haliko katika betri. Isipozunguka kwa kitufe, lakini ikawaka upesi kwa kiki, basi petroli na buji ni salama. Kosa liko katika betri, stata, au njia iliyo kati yao.

Pili, tupime betri ikiwa imepumzika saa chache, injini ikiwa imezimwa. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. Volti 12.2, imebaki nusu hivi. Volti 12.0 au chini yake, ina njaa. Ijazwe kwanza kabla ya kuhukumiwa, maana hakuna hukumu ya haki juu ya betri tupu.

Tatu, tuweke ncha za mita juu ya vichwa vya betri vyenyewe, si juu ya nyaya, kisha mwenzetu abonyeze kitufe. Hapa ndipo ukweli hutoka. Volti zikishuka chini ya 9 na nusu hivi, betri ni dhaifu, au stata imekwama na yanywa kupita kiasi. Zikianguka karibu na sifuri halafu zikarudi 12 kitufe kikiachwa, yaelekea kuna mkatiko ndani ya betri, kazi ya mitikisiko, hiyo haitengenezeki. Lakini volti zikibaki karibu 12, na stata haizunguki, betri haina hatia. Umeme upo, lakini haufiki.

Nne, ikiwa umeme haufiki, tufuate njia yake. Tuanze na vichwa vya betri: vikilegea vikazwe, vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vioshwe kwa maji yenye soda ya kuokea mikate, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kisha vipakwe grisi. Halafu masi: ncha moja ya mita juu ya kichwa cha kutoa, nyingine juu ya mwili wa injini, na kitufe kibonyezwe. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, masi ni mbaya. Halafu relei ya stata: ikilia “tk” bila stata kuzunguka, pengine vigusio vyake vimeungua. Isipolia kabisa, tutazame fyuzi, kitufe chenyewe, na swichi ya klachi, ambayo katika pikipiki nyingine huzuia stata mpaka mpini ushikwe.

Tano, tupime kama betri inalishwa. Injini ikiwaka kwa mwendo wa kati, mita juu ya betri yapasa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, betri hailishwi. Regileta au koili za magneto zina kosa, na betri mpya nayo itakufa kwa njaa ile ile. Ikipita 15, regileta imeharibika. Betri yalishwa kupita kiasi, maji yake yachemka na kukauka.

Sita, tutafute mwizi wa usiku. Kengele ya kuzuia wezi, au waya uliounganishwa bila swichi, huendelea kunywa umeme hata ufunguo ukiondolewa. Tufanye hesabu. Betri ndogo ya pikipiki huwa na ampea-saa 5 hivi. Kitu kinachokunywa ampea 0.05 tu, bila kukoma, huimaliza kwa saa 100, yaani siku nne na kidogo. Mwenye pikipiki anayesafiri kila siku hatatambua. Akiugua juma moja, atakuta betri tupu.

Adabu ya kuitunza

Maji ya betri yakipungua, tuongeze maji ya betri tu. Kinachokauka ni maji. Tindikali yenyewe hubaki. Anayeongeza tindikali aifanya iwe kali mno, nayo yala bamba. Wala tusitie maji ya Ziwa Kivu, kwa kuwa yana madini na chumvi nyingi zilizoyeyuka ndani yake. Betri zilizofungwa kabisa zisifunguliwe.

Tunapoijaza, tuijaze polepole: betri ya ampea-saa 5 yatosha kupewa nusu ampea kwa saa kumi na zaidi kidogo. Chaja kubwa ya motokari huichemsha. Na wakati wa kujaza hutoka hewa inayolipuka upesi. Basi sigara, mshumaa, na cheche ziwe mbali. Vijana wengine hugusanisha vichwa viwili kwa spana ili waone cheche, wasema wanapima nguvu. Hawapimi kitu, wahatarisha macho yao. Tukifungua nyaya, tuanze na masi; tukifunga, masi iwe ya mwisho. Tindikali ikiruka machoni, maji safi mengi, palepale, kisha hospitali.

Tena kisanduku cha betri kiwe na mpira chini yake na mkanda wa kuikaza. Kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu chatosha. Dawa hiyo ndogo yapunguza sehemu kubwa ya kazi ya mawe ya lava.

Betri iliyokufa bado inaua

Kuna neno moja zaidi, na ni zito. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Huharibu akili na damu, nayo haionekani kwa macho. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka wa 2007 hata 2014, katikati ya nyumba za watu. Watoto wakaugua, na watu wakafa. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mwenyewe ameingiwa na sumu hiyo, akaongoza majirani kudai haki. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu iliithibitisha fidia hiyo Desemba 2024. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, kwa sababu ya udongo uliojaa risasi ya betri.

Basi betri iliyokufa isivunjwe uani ili kuuza risasi yake, wala tindikali isimwagwe katika nyufa za lava, maana maji yaingiayo huko yana njia zake kwenda ziwani, na kutoka ziwani watu wengi wa Goma huchota. Betri ipelekwe nzima kwa mnunuzi wa betri kuukuu, na watoto wasiichezee.

Tumetembea kutoka Bologna hata Birere. Tumeona kwamba Galvani, mtu mwenye elimu kubwa, alimdhania chura, kumbe umeme ulitoka katika madini. Tumeona kiwanda kizima cha Marekani kikishindwa mwaka wa 1914 kwa ajili ya mitikisiko na njaa ya umeme. Kwa hiyo mwenye pikipiki asione haya akikwama. Ila asikimbilie dukani. Haraka haraka haina baraka. Ashike mita kwanza, aulize swali moja, apate jibu lake, ndipo aulize la pili. Pengine atakuta kwamba kinachohitajiwa si betri mpya, bali kipande cha msasa na bolti iliyokazwa vizuri, na fedha ya jioni itafika nyumbani nzima.